Bi Kinyaa na Samaki Mjamzito

Kila mtu ana pua. Bi Kinyaa, yeye pua ndiyo iliyokuwa naye. Ilimtangulia kila mahali, ikanusa, ikakunjika, na mwenyewe akafuata nyuma kutekeleza amri zake. Maziwa yenye utando hakunywa. Kijiko kilichoshikwa na mtu mwingine hakukitia mdomoni. Mdogo wake akipiga chafya sebuleni, yeye alihamia jikoni na kufunga mlango. Jina hilo alipewa na mjomba wake alipokuwa na miaka mitano, siku alipokataa kukumbatiwa kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "Mjomba ana jasho la jana." Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa limemganda kama gundi.

Kila siku, kabla na baada ya masomo, alipita dukani kwa huyo mjomba, ambaye alikuwa fundi cherehani. Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama kabati. Mbele ilikaa meza ya kukatia vitambaa, katikati cherehani, nyuma pazia la kubadilishia nguo. Ukutani, usawa wa macho ya mtoto, lilikaa tangi la kioo lenye samaki watatu.

Tangi lile halikuwa pambo tu, lilikuwa kifaa cha kazi. Mtoto akiletwa kupimwa sare ya shule, mjomba alimsimamisha mbele ya kioo na kumwambia, "Hebu nihesabie samaki wangu." Samaki hawatulii. Mtoto anahesabu, anakosea, anaanza upya, na kabla hajamaliza, mabega, kiuno na urefu wa mikono vimeshaandikwa daftarini.

Samaki wawili walikuwa madume wenye mikia mipana kama pindo la gauni la harusi. Wa tatu alikuwa jike wa rangi ya chungwa, aitwaye Bi Mkubwa. Walikuwa wa ile aina ndogo ya mapambo isiyotaga mayai, ila huzaa watoto wakiwa hai. Na mwezi ule Bi Mkubwa alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa limemfura, na karibu na mkia palikuwa na doa jeusi lililozidi kukolea kila siku.

Bi Kinyaa aliwapenda samaki. Alichokichukia ni vitu vinavyotoka kwa samaki.

"Tupatane, mpwa wangu," mjomba alimwambia, akiwa amebana pini nne midomoni. "Msimu wa sare huu, sina hata nafasi ya kujikuna. Mtunze Bi Mkubwa mpaka azae. Akizaa salama, watoto kumi ni wako, pamoja na lile tangi dogo la pale juu ya kabati. Akifa, tumekosa sote, na mimi nitapima watoto wanaorukaruka kama panzi."

"Nitamtunza, Mjomba!"

Kazi zilikuwa tatu. Kwanza, kuwapa chakula kidogo asubuhi na jioni. Pili, kujaza ndoo mbili maji ya bomba na kuziacha wazi siku nzima, ili ile dawa ya kusafishia maji iishe nguvu, maana dawa isiyomdhuru mtu inaweza kumuua samaki. Tatu, kila Jumamosi, kuchukua mpira mwembamba, kuuchomeka ndani ya changarawe iliyotandazwa chini ya tangi, na kufyonza kinyesi pamoja na robo ya maji. Halafu anaongeza maji yaliyolala ndooni, na anaweka alama ya vyema kwenye kalenda.

"Na yale majani ya kijani kule nyuma," mjomba aliongeza, "usiyaguse."

Bi Kinyaa aliyatazama. Yalikuwa yamesokotana kama nywele zilizoziba tundu la bafu, na juu yake palikuwa na ute unaotikisika. Hakuhitaji kukatazwa mara mbili.

Jumamosi ya kwanza ilifika. Mjomba alikuwa amemfundisha kuujaza mpira maji, kuziba ncha zote mbili kwa vidole, kisha kuzamisha moja tangini na kushusha nyingine ndooni. Lakini hilo lilitaka mkono uingie kwenye maji mpaka kiwiko, na pua ikasema hapana. Basi Bi Kinyaa akatafuta njia ya mkato. Akachomeka mpira kwenye changarawe, akatia ncha ya pili mdomoni, akavuta kama anayekunywa soda.

Maji yalikuja. Yalikuja mengi, ya uvuguvugu, yenye chembe chembe, na yaliposimama yalikuwa yameshafika kooni.

"Aaakh! Ptuu! Ptuuu!"

Mlangoni palisikika kicheko. Alikuwa mwanafunzi mwenzake, binti wa mpishi wa mkahawa wa jirani, ambaye shule nzima ilimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia.

"Vipi, shoga, chumvi imekolea?"

"Nyamaza wewe!"

"Nauliza tu. Mpishi mzuri huonja."

Bi Kinyaa alipiga mswaki mara tatu siku ile, na mara mbili usiku. Ladha haikutoka. Ilikuwa imeingia kwenye mawazo, na huko mswaki haufiki.

Basi Jumamosi ya pili hakufyonza. Alichota maji kidogo kutoka kwenye ndoo, akayamwaga nje ili zionekane zimetumika, akaweka alama ya vyema kwenye kalenda. Jumamosi ya tatu akafanya vivyo hivyo. Mjomba hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Juu tangi lilionekana safi, kwa sababu kinyesi kilizama na kujificha chini ya changarawe. Alama tatu zilipendeza kwenye kalenda, moja ya kweli na mbili za uongo, zote kwa kalamu ileile nyekundu.

Jumamosi ya nne asubuhi, mjomba alichuchumaa mbele ya kioo.

"Tumbo limekuwa la pembe kama kisanduku," alisema. "Huyu ni leo au kesho. Napeleka sare shuleni, saa sita nimerudi. Nikirudi nitachokoachokoa changarawe nione ulivyoifanyia kazi, kisha tutamtayarishia mahali pa kuzalia."

Aliondoka na furushi lake la sare. Bi Kinyaa akabaki peke yake. Alichukua kijiti cha kukorogea rangi, akakichomeka kwenye changarawe, akakizungusha kidogo.

Wingu la kahawia likapanda. Harufu ya yai viza ikamfuata mpaka kwenye meza ya kukatia. Vipande laini, virefu kama nyuzi, vikazunguka majini, kimoja kikamnata Bi Mkubwa usoni.

"Mama yangu weee!"

Saa ilikuwa tatu. Alikuwa na saa tatu za kufanya kazi ya majuma matatu. Akajifunga kitambaa puani, akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akaingia vitani. Aliwahamishia samaki kwenye bakuli. Akamwaga maji yote ya tangi kwenye mtaro. Changarawe akaisugua kwa sabuni ya unga mpaka povu likajaa beseni. Sponji ya pampu ya kuchujia maji, iliyokuwa na rangi ya chai, akaikamua hadi ikawa nyeupe kama jino la mtoto. Alipoyafikia yale majani yenye ute, akakumbuka katazo. Lakini alipoyatazama jinsi yalivyotepeta, akajiambia, "Watoto wachanga wazaliwe kwenye makamasi haya? Hapana." Akayabeba kwa ncha ya kijiti hadi kwenye pipa la taka nyuma ya duka, lile lililotumiwa pamoja na mkahawa.

Yakabaki maji ya kujazia. Ndoo mbili zilikuwepo, zimejaa, zimelala tangu jana. Ila juu ya moja palielea mbu aliyekufa, miguu juu. Bi Kinyaa akatikisa kichwa. Akafungua bomba, akajaza tangi maji mapya, baridi, yanayometa.

Kwa kweli tangi lilipendeza. Ungeweza kusoma gazeti kupitia humo. Aliwarudisha samaki, akajipongeza.

Dakika chache baadaye, dume mmoja akaanza kuogelea kiubavu. Bi Mkubwa alipanda juu kabisa, akawa anafungua na kufunga mdomo nje ya maji.

Redio alikuwa amefika mlangoni, anatafuna karoti. "Mbona anapiga miayo?"

"Uchungu wa uzazi," Bi Kinyaa alijibu haraka.

"Na yule dume anayelala ubavu? Naye anazaa?"

Kabla jibu halijapatikana, mjomba akaingia, jasho likimtiririka. Alisimama mbele ya tangi, akapiga mluzi.

"Loo! Hata changarawe inang'aa! Mpwa wangu, umekua. Nami kutwa nakuita Bi Kinyaa, kumbe naketi na mganga wa samaki." Akainama kumtazama Bi Mkubwa tu, asiangalie kwingine. "Ameanza. Wakianza hivi hutaka giza na utulivu. Mahali pa kuzalia hatuwahi tena. Tumfunike, asiguswe mpaka jioni."

Akachukua kipande cha kitambaa cheusi, akakitandaza juu ya tangi na mbele ya kioo.

Bi Kinyaa angeweza kunyamaza. Yote yalikuwa yamefunikwa sasa, pamoja na uongo wake, na sifa alishazipata. Lakini zile sifa zilimkaa kooni kama unywele kwenye supu. Na kwenye ufa mdogo, pale kitambaa kilipoishia, aliona mkia mpana wa dume umeelea juu ya maji, hautikisiki. Jioni ilikuwa mbali. Kufikia jioni hapatakuwa na cha kufunua.

"Mjomba, si uchungu."

"Nini?"

"Bi Mkubwa. Hazai. Anakufa." Machozi yakatangulia, maneno yakafuata. "Mimi sikufyonza. Zile alama nilijiwekea tu. Leo nikaona utagundua, nikaosha kila kitu..."

Mjomba hakupiga kelele. Alitoa pini kwenye ukosi wa shati lake, moja baada ya moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Bi Kinyaa aliona afadhali angepiga kelele.

"Sema yote, usinikatie pindo," alisema. "Mficha uchi hazai, na huyu hapa ana watoto tumboni. Umeoshea kitu gani?"

"Sabuni ya unga."

"Maji?"

"Ya bomba. Yote."

"Ndoo zilikuwa na nini?"

"Mbu."

Mjomba alifumba macho kidogo, kama mtu aliyechomwa sindano. Kisha akakifunua kitambaa kwa mkono mmoja na kuvuta beseni kubwa kwa mwingine. "Mbu! Ee bwana, tumshukuru huyo mbu, ametuachia maji. Mimina ndoo moja humu, polepole. Na yale majani?"

"Pipani."

"Kayalete."

"Mimi?"

"Kwani mimi ndiye niliyeyatupa?"

Pipa lile lilikuwa refu kufika kifuani kwa Bi Kinyaa, na tangu asubuhi jikoni kwa akina Redio hakukutulia mtu. Juu palikuwa na maganda ya viazi. Chini ya maganda, nyanya zilizooza, zimepasuka na kutoa povu jeupe. Chini ya nyanya, vichwa vya samaki vyenye macho yaliyotazama pande mbili tofauti. Na kila kitu kilitembea kidogo, maana funza walikuwa wameshaanza karamu. Nzi waliinuka wakampokea usoni kama mgeni waliyemngoja.

Alijaribu kwa mifuko ya plastiki mikononi. Haikumsaidia, kwa kuwa vidole havikuweza kutofautisha majani na mabaki ya mboga. Akaivua. Akavuta pumzi kwa mdomo, akajuta, akazamisha mkono mtupu.

Kitu laini kilipasukia kwenye kiganja. Kitu kingine kilimpanda kwenye kifundo cha mkono, kikatulia.

"Njooni muone!" Redio alipaza sauti, amesimama juu ya kreti. "Bi Kinyaa anapiga mbizi! Shoga, samaki wako kule ndani, huku ni jikoni kwetu!"

Bi Kinyaa aligeuka pembeni, akatapika, akajifuta kwa bega, akarudi pipani. Mkono ukazama mpaka kwapani.

Redio alishuka kwenye kreti. Kicheko kilikuwa kimemkauka. Alilishika pipa kwa mikono miwili, akalilaza upande ili mwenzake afike chini.

"Kushoto," alisema taratibu. "Pale chini ya nyanya, kuna kijani."

Yalikuwa yenyewe, bado yana unyevu, yamechanganyika na maganda ya mayai. Waliyapeleka ndani, wakayasuuza mara nne kwa maji ya ndoo ya pili, na mjomba akayatandaza kwenye beseni. Bi Mkubwa alikuwa tayari humo pamoja na dume aliyesalia. Alikuwa bado anahema kwa shida, lakini mdomo wake haukuwa tena nje ya maji. Alipoyaona majani, aliteremka polepole, akajiingiza katikati yake, akatulia.

"Anapumzika?" Bi Kinyaa alinong'ona.

"Anafikiri. Tusubiri."

"Mjomba, kwa nini hasa majani haya? Yana ute."

"Huo ute una vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndicho chakula cha kwanza cha watoto wake. Na ile rangi ya chai uliyoikamua kwenye sponji, humo walikaa wadudu wema wanaosafisha maji. Uliwafukuza wafagiaji, ukabakiza ukumbi. Tena watoto hujificha humo majanini."

"Wakimkimbia nani?"

"Mama yao."

Bi Kinyaa alidhani anataniwa. Alasiri, chini ya mkia wa Bi Mkubwa, kilichomoza kidude kilichojikunja, chenye vidoa viwili vyeusi. Kilidondoka, kikajinyoosha kama uzi unaotoka kwenye kibiringo, na ule uzi ukawa samaki mwenye macho mawili, anayeogelea. Akaja wa pili. Wa tatu alipotoka alipotea njia, akapita mbele ya uso wa mama yake. Bi Mkubwa akafungua mdomo. Pu!

"Amemla! Amemla mwanawe! Aaakh! Kinyaa gani hiki!"

"Samaki hajui mwana, anajua kitu kinachopita mdomoni," mjomba alisema. "Mbio! Nataka wavu wenye matundu ya kumpitisha mtoto na kumzuia mama."

Wavu wa mapazia ulikuwa na matundu madogo mno. Ni Redio aliyetoka mbio na kurudi na mfuko wa kuuzia vitunguu, ule wa nyavu nyekundu, unaonuka kitunguu kilichooza. Bi Kinyaa alikunja uso, akaupokea kwa mikono yote miwili, akausuuza. Mjomba alikunja waya wa kutundikia nguo ukawa duara, akaushonea wavu kwenye cherehani, trrrr, na kikapu cha uzazi kikapatikana. Bi Mkubwa akawekwa ndani yake. Kila mtoto aliyezaliwa alipenya tundu, akakimbilia majanini.

Kufikia jua kuzama walihesabu kumi na tisa. Wanne walikuwa wamelala chini, hawatikisiki, wala hawakuamka. Bi Kinyaa aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko. Dume aliyekufa alimtoa tangini kwa mkono. Alikuwa ameanza kuteleza kama sabuni iliyolowa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Baada ya kunawa mara nyingi kuliko inavyohitajika, aliketi kwenye kigoda karibu na mjomba.

"Wale kumi si wangu, Mjomba. Uliniambia akizaa salama."

"Si wako, kwa sasa," mjomba alikubali. "Utafyonza tangi Jumamosi sita, nami nitakaa hapa nikikutazama. Baada ya hapo tutazungumza habari za kumi." Akatoa suruali moja kwenye rundo la nguo za kurekebishwa na kumwonyesha. "Unaiona hii? Mwenyewe ameileta nipunguze kiuno, hajaifua. Nikiishika, roho inataka kunitoka. Kila wiki naletewa tatu, nne za namna hii."

Bi Kinyaa aliitazama, akasogeza kigoda nyuma.

"Kinyaa si kosa, mama. Pua umepewa ikuonye. Kosa lako ni kuweka alama mahali ambapo hakuna kazi, ukaniacha mimi niamini kalenda. Uchafu wa Jumamosi moja ni kijiko. Uliukimbia, nao ukakungoja, ukaongezeka, ukawa pipa zima, na ukauingiza mkono hadi kwapani. Ila nikuambie jambo moja. Ulipofungua mdomo ukasema kweli, wale kumi na watano waliopo hapo majanini walipona. Ungenyamaza, jioni hii tungekuwa tunazika."

Redio, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa kimya dakika nzima, akasema, "Na mfuko wetu wa vitunguu?"

"Huo umeingia kwenye utumishi wa afya ya uzazi," mjomba alimjibu.

Jumamosi iliyofuata, tangi likiwa limesuuzwa sabuni yote na samaki wamerudishwa humo, Bi Kinyaa alikunja mkono wa blauzi, akauzamisha mpira kwenye maji, akaziba ncha zote mbili kwa vidole, akaingiza mkono tangini mpaka kiwiko. Changarawe ilitoa wingu lake dogo la kahawia. Mpira ulilifyonza taratibu, likateremka ndooni, na harufu ikapanda kama kawaida. Macho yalimtoka machozi. Mdomo ulimpinda mpaka karibu na sikio.

"Mjomba, inanuka!"

"Najua."

"Inateleza!"

"Najua. Na huo uso uliokunjamana tutaupiga pasi baadaye," mjomba alisema, akivuta suruali isiyofuliwa chini ya sindano. "Wewe endelea na changarawe."